Msitu Uko Pugu, Basi Linakwenda Mikumi

Ziara ya shule isiyomchukua kila mtoto wa darasa haistahili kuitwa ziara ya masomo. Ni biashara ya usafiri iliyovalishwa sare. Nayasema haya nikijua kwamba yatawaudhi walimu wakuu kadha wa kadha wa Temeke na Kinondoni, na baadhi yao nilipata kuwapokea shuleni kwangu walipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Waniwie radhi kwa ukali wa maneno. Kwa maana ya maneno, siombi radhi.

Utaratibu wenyewe msomaji anaujua. Muhula unapokaribia kwisha, mtoto anarudi nyumbani na kikaratasi: shule imeandaa ziara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mchango ni kiasi fulani, mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Kwa mzazi mwenye mshahara, kiasi hicho ni cha kuguna kidogo kisha kulipa. Kwa mama anayekaanga mihogo pale Mbagala Rangi Tatu, ni mtaji wa wiki mbili. Mwaka juzi jirani yangu, bibi anayelea wajukuu watatu, aliniletea kikaratasi hicho nimsomee. Kusoma anajua sana. Alitaka tu nimhakikishie kwamba zile sifuri zilikuwa nyingi kama alivyoziona yeye. Mjukuu wake hakwenda. Siku ya safari watoto wasiolipa walitakiwa wafike shule kama kawaida, na kwa kuwa mwalimu wao wa darasa alikuwa ndani ya basi, walipewa mafagio. Waliolipa walirudi na picha za twiga. Wasiolipa waliacha uwanja safi.

Shule hiyo sitaitaja, maana ningeitaja moja ningezionea aibu nyingine zinazofanya vivyo hivyo.

Najua jibu nitakalopewa: mchango ni wa hiari. Ni kweli, tangu Januari 2016, elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bila ada, mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya mchango anajitafutia makubwa. Lakini hiari hiyo ni ya nani? Mtoto wa miaka 11 hana hiari katika fedha za bibi yake. Hiari ni ya mtu mwenye noti mfukoni, anayeweza kuamua aitoe au asiitoe. Asiye na noti hajahiari chochote, ameachwa. Na ameachwa na shule yake, mahali pekee katika maisha yake ambapo serikali ilimwahidi kwamba hataachwa.

Hebu sasa tukitazame hicho kinachonunuliwa. Mikumi iko karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Basi linaondoka saa kumi alfajiri, au linatakiwa liondoke saa kumi, kwa sababu daima yuko mtoto mmoja anayesubiriwa na mwalimu mmoja anayetafuta chaji ya simu. Likinusurika na foleni ya Kimara na Kibaha, linafika saa nne au saa tano, wakati jua limekwisha kuwa kali na wanyama wenye akili wamekwisha kujilaza vivulini. Watoto wanazungushwa ndani ya basi lile lile, wamebanana madirishani, saa mbili au tatu. Kushuka hawaruhusiwi, na ni haki wasiruhusiwe. Kisha wanakula chipsi, wanapiga picha kwenye bango, wanageuza. Njia nzima spika inapiga muziki ambao hata kondakta wa daladala ya Gongo la Mboto angeuonea haya. Wanarudi usiku wa manane, wazazi wakiwa wamejikunyata nje ya geti la shule. Saa kumi na mbili au zaidi za kukaa kitini, kwa saa tatu za kutazama kupitia kioo.

Mikumi yenyewe haina kosa. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, mimi nikiwa bado mwanafunzi, na mtu mzima anayelala huko usiku mmoja akaamka alfajiri na kusikia simba hatanung'unikia fedha yake. Ninacholalamikia ni mpangilio. Tumeanza na cha mbali kabla ya cha karibu, na tumeanza na wachache kabla ya wote. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza wa ualimu angeandaa somo hivyo, sisi wakufunzi na wakaguzi wa zamani tungemrudishia daftari lake la maandalio. Tulifundishwa chuoni, na tukalishika kama sala, kwamba mtoto hutolewa kwenye anachokijua apelekwe kwenye asichokijua.

Tatizo liko ndani zaidi. Tangu mwaka 2022, ilipozinduliwa ile filamu ya Royal Tour ambayo Rais mwenyewe ndiye kiongozi wa msafara, utalii umekuwa katika kila kinywa. Filamu ile ilikuwa na kazi yake, nayo ilikuwa kumwita mgeni. Lakini sisi wenyeji tumeitazama kama kioo. Tumeanza kuitazama nchi yetu kwa macho ya mgeni, tukitafuta kile ambacho mgeni hukilipia: tembo, simba, mlima wenye theluji. Mtoto wa Yombo Vituka anafunzwa, bila mtu kumwambia kwa maneno, kwamba Tanzania yenye thamani inaanzia pale penye geti na kibanda cha tiketi, na kwamba huku anakoishi yeye ni vumbi tu la kupitia.

Ilhali ukipanda daladala, ukapita Uwanja wa Ndege, Ukonga na Gongo la Mboto, utaona ardhi inaanza kuinuka. Hivyo ndivyo vilima vya Pugu. Ukishuka Kajiungeni ukatembea kuelekea Minaki na Kisarawe, barabara inaingia penye kivuli, na hewa inabadilika ghafla kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha mtungi. Msitu ule na mwenzake wa Kazimzumbwi ulihifadhiwa tangu zama za Mwingereza, na baada ya miaka mingi ya kuliwa na shoka umepandishwa hadhi ukawa msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Wataalamu wa viumbe kutoka nchi za mbali hupanda ndege kuja kuuona. Sisi tunaupita kwa mbali, tukiwa ndani ya basi la Mikumi.

Watu wa mjini huuliza, "Huko kuna nini?" Nami huwajibu kwa kuuliza kama wamewahi kunywa juisi ya mabungo. Wote wamekunywa. Je, wameuona mbungo wenyewe? Kimya. Wengi hudhani ni mwembe wa aina fulani. Mbungo ni mtambaazi unaopanda juu ya miti ya misitu yetu ya pwani, na ukiukwangua hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo ndio uliokuwa mpira wa porini, uliouzwa ng'ambo mwishoni mwa karne ya 19, kabla mpira wa mashambani haujaenea. Katika madarasa yetu ya chekechea zimebandikwa picha za tofaa la Ulaya, na mtoto huimba jina lake kila asubuhi. Bungo, ambalo babu yake alilitafuna akiwa anachunga mbuzi, halina picha ukutani.

Au chukua msandarusi. Ni mti wa misitu ya pwani kama hii, na gundi yake ikianguka na kufukiwa ardhini kwa karne nyingi hugeuka kuwa ngumu kama jiwe la manjano. Wazaramo, wenyeji wa vilima hivi, waliichimba na kuipeleka pwani. Kutoka Unguja ilipakiwa katika meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na huko Marekani ikapikwa kuwa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Somo zima la historia ya biashara ya karne ya 19 limesimama pale kwa mguu mmoja, lina gome, lina majani, mtoto anaweza kulikumbatia. Mwalimu wa darasa la sita anaandika "sandarusi" ubaoni kati ya pembe na karafuu, watoto wanakariri, na hakuna kati yao, wala mwalimu, anayejua kama sandarusi ni tunda au ni samaki.

Humo pia yumo komba mdogo wa Rondo. Jina amelipata kwenye nyanda za Rondo mkoani Lindi, lakini makazi yake yaliyobaki ulimwenguni ni vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, na Pugu na Kazimzumbwi ni mojawapo. Mzima wake hafikii gramu 100. Angekaa kwenye kiganja cha mtoto na nafasi ikabaki. Ni katika jamii ile ile kubwa ya nyani na sokwe, na yu hatarini kutoweka. Hatembei mchana, kwa hiyo ziara ya mchana haitamwona, na hilo nalo ni somo: kwamba kitu kinaweza kuwa na thamani kubwa hata kama hakikusimama kando ya barabara kikupigie picha.

Kuhusu maji niruhusiwe kusema kwa kirefu, maana hapa ndipo jambo linapokuwa la uhai. Mto Msimbazi, ambao watoto wa Kigogo, Hananasif na Magomeni Mkwajuni wanaujua kama shimo la taka linalonuka wakati wa kiangazi na kama mwizi anayeingia ndani wakati wa masika, chanzo chake ni kwenye miinuko hii ya Pugu na Kisarawe. Mto ule una utoto wake. Desemba 2011 uliua watu mjini, ukabeba magodoro, madaftari na mabati ya watu hadi daraja la Selander. Mtoto wa Hananasif aliyelala juu ya meza usiku maji yanapanda anastahili kuupeleka uso wake mahali mto huo unapoanzia, akaona maji yakinyonywa na udongo mweusi wenye majani yaliyooza, yakitoka polepole. Kisha umpeleke hatua chache mbele, mahali msitu ulipofyekwa, akaone udongo mwekundu uliochanwa na makorongo. Hahitaji tena mhadhara kuhusu mafuriko. Ataunganisha mwenyewe, tena kwa hasira, na hasira ya namna hiyo kwa mtoto ni mali ya taifa.

Na sijasema bado kuhusu shule ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Wala mahandaki ya mgodi wa udongo mweupe wa kaolini, ambamo sasa popo wamejipangia vyumba. (Ndani ya mahandaki watoto wasiingizwe. Watazame wakiwa nje, jioni, popo wakitoka.)

Hoja ya usalama naiheshimu zaidi ya hoja ya hiari. Wazazi wananiambia msituni kuna nyoka, kuna wahalifu, na wengine, wakishusha sauti, kuna wenyewe. Nyoka wapo, kama walivyopo kwenye vichaka vya Toangoma na Mabwepande watoto wanakocheza kila siku bila viatu. Kundi la watoto linalotembea kwa mstari, na mtu wa misitu mbele, nyoka hulikimbia. Kuhusu wenyewe, wazee wa Kizaramo watakwambia namna ya kupiga hodi, na sioni ubaya wa mtoto kufundishwa kuingia mahali kwa adabu. Wahalifu ndio jambo zito. Kwa watu wa Kinondoni msitu ulio karibu ni Pande, na jina la Pande lilichafuka Januari 2006, watu wanne walipouawa humo kwa risasi. Tangu hapo, mama wa Mbezi akisikia neno hilo hushika kifua. Namwelewa. Lakini waliouawa hawakuuawa na miti. Mahali panakuwa pa mauaji kwa sababu hapana watu wema wanaopita. Msitu unaotembelewa na madarasa mawili kila wiki, watoto wakiimba, si mahali ambapo mhalifu atapachagua kufanyia kazi yake.

Haya siyatoi kichwani tu. Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Temeke, shule yenye madawati machache na watoto wengi, na fedha ya safari haikuwapo kabisa. Tulikwenda Pugu. Tulikwenda na darasa zima, watoto zaidi ya 80, kwa basi hadi Gongo la Mboto kisha kwa miguu, wakubwa wakibeba vidumu vya maji na wadogo wakibeba mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Nauli ilitokana na bustani ya mchicha ya shule. Mvulana mmoja mwenye mguu uliopooza alibebwa kwa zamu na wenzake, na hapakuwa na mwalimu aliyewaamuru.

Huko tulifanya jambo ambalo walimu vijana hunicheka nikiwasimulia. Niliwaketisha chini ya miti, kila mmoja mbali kidogo na mwenzake, nikawaambia wakae kimya kwa robo saa na kuhesabu sauti. Dakika tatu za kwanza zilikuwa vicheko. Kisha wakatulia. Hondohondo mmoja akalia juu yetu kama kichanga aliyenyimwa ziwa, na watoto 80 wakainua nyuso kwa pamoja. Niliporudisha madaftari kulikuwa na msichana aliyeandika sauti 17, na ya 17 ilikuwa "moyo wangu". Watoto hao walitoka Tandika na Keko, nyumba za vyumba sita zenye redio sita. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa robo saa mahali pasipo na sauti ya mtu. Mtihani wa darasa la saba hauulizi swali hilo. Ndiyo maana, nadhani, shule zetu haziendi.

Tulipima unene wa mvule kwa mikono ya watoto walioshikana. Tulifuata njia ya siafu hadi mwisho wake, kwa umbali wa heshima. Bwana misitu, Mzaramo mwenye kofia ya kia, alitutajia majina ya miti na kila jina likaja na kazi yake: huu ni wa mpini, huu wa mtumbwi, huu wa tumbo la mtoto, huu usiuguse. Saa kumi jioni tukateremka. Gharama yote ya siku ile haikufika bei ya kukodi basi dogo la Kosta kutoka Temeke hadi Chalinze.

Mwaka 1967 jiji hili halikuwa na watu laki tatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa wote. Wengi wao hupika kwa mkaa, na mkaa ni mti. Katika miaka ya 1990 wavamizi waliingia Kazimzumbwi wakafyeka na kulima, na hadi leo viwanja vinausogelea msitu kutoka kila upande. Reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 ina kituo Pugu, na penye kituo dalali wa viwanja hachelewi. Nani atapaza sauti siku msitu huo ukikatwa vipande? Mtoto aliyemwona twiga mara moja kupitia kioo atapaza sauti kwa ajili ya twiga, kama atapaza. Kwa ajili ya Pugu atapaza sauti aliyekaa chini ya mvule wake robo saa, akaukumbatia, akaijua njia ya kwenda kwa miguu. Na watoto walioachwa na mafagio uwanjani, ambao ndio wengi, ndio watakaokuwa wapika mkaa, madereva, wajumbe wa mitaa na madiwani wa kesho. Tunawanyima hao hao msitu ambao kesho tutawaomba waulinde.

Kwa hiyo namwambia mwalimu mkuu anayesoma haya: futa basi la Mikumi mwaka huu. Wazazi wenye uwezo waende na watoto wao wakati wa likizo, na Mungu awabariki. Shule iende Pugu, au Pande kwa walio Kinondoni. Pande iko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na Pugu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Andika barua mapema, kaombe kibali na mtu wa kuwaongoza. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, masika yakiwa yameisha, njia zimekauka na jua halijawa kali. Viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu ikiwezekana, maji ya kutosha, sanduku la huduma ya kwanza, na mzazi mmoja kwa kila watoto kumi. Spika ibaki shuleni. Na usiandike orodha mpya ya wanaosafiri. Chukua rejista ya darasa kama ilivyo, uite majina ukiwa kituoni, kuanzia la kwanza hadi la mwisho.